Jipime mwenyewe: BMI, futi ya kiunoni na dumu la mafuta jikoni

Kariakoo, Mbagala na kwenye vituo vya daladala hakukosekani kijana mwenye mizani chini: unapanda, unalipa, unatajiwa kilo zako, unaondoka. Baadhi ya maduka ya dawa yana mashine ndefu inayopima na urefu, kisha inakupa kikaratasi chenye neno BMI na namba. Hapo ndipo wengi hukwama. Namba 29.8 ina maana gani? Na kwa nini jana kwenye mashine nyingine ilisoma 31?

BMI ni uwiano wa uzito na urefu: unachukua kilo zako, unagawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Fomula hii ilitoka kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtaalamu wa takwimu, wala hakuwa daktari. Alitaka kueleza maumbo ya watu wengi kwa pamoja. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kupitia Mmarekani Ancel Keys. Ukijua asili hiyo hutashangaa kwamba kipimo hiki kinafaa sana kulinganisha makundi ya watu, lakini kwa mtu mmojammoja kinahitaji msaidizi. Msaidizi huyo ni futi ya kiunoni, na tutafika huko.

Vifaa vya nyumbani

Unahitaji mizani ya bafuni, futi ya kamba kama ya fundi cherehani, boksi dogo au kitabu chenye jalada gumu, penseli, simu na daftari. Usinunue kitu kingine.

Futi ya fundi ikague kwanza. Ikitumika muda mrefu huvutika. Ilaze juu ya rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 na uone kama mistari inalingana. Kumbuka pia kwamba futi nyingi za aina hii huishia sentimita 150, kwa hiyo watu wazima wengi hawaenei. Dawa yake ni kuweka alama ukutani kwenye sentimita 100 kamili kutoka sakafuni, kisha kupima kutoka alama hiyo kwenda juu.

Mizani nayo ina majaribu yake. Weka sakafuni kwenye saruji au vigae, kamwe si juu ya zulia au mkeka, maana miguu yake ikizama husoma vibaya. Kisha ijaribu kwa maji: panda peke yako, andika, panda tena ukiwa umebeba katoni ya maji ya kunywa yenye chupa 12 za lita 1 ambazo hazijafunguliwa, andika. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tofauti iwe kilo 12 na ushei kidogo kwa ajili ya plastiki. Ikisoma kilo 10 au 15, mizani hiyo ni pambo. Usitumie dumu la njano la lita 20 kwa jaribio hili, kwa sababu likijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya lita 20.

Hatua ya kwanza: urefu

Watu hupuuza urefu wakidhani kosa liko kwenye kilo. Ni kinyume chake. Chukua mtu wa kilo 84 mwenye urefu wa mita 1.65: BMI yake ni 30.9. Akipimwa na raba, kilemba au rasta zilizofungwa juu ya utosi akasomeka mita 1.68, BMI inashuka hadi 29.8, na papo hapo amehamishwa kundi bila kupungua hata robo kilo. Sentimita 3 za uongo zimefanya kazi ya kilo 3.

Tafuta ukuta ulionyooka usio na ubao chini, sakafu iwe ngumu. Vua viatu, fungua nywele zilizofungwa juu. Simama visigino, makalio na mabega vikigusa ukuta, macho yatazame mbele kama unamwangalia mtu wa urefu wako. Ukiinua kidevu unajiongezea, ukikiinamisha unajipunguza. Mwenzako aweke boksi juu ya utosi, upande mmoja ukiwa umelala ukutani, alikandamize kidogo hadi liguse fuvu, kisha apige mstari wa penseli chini yake. Pima mara mbili. Majibu yakipishana zaidi ya nusu sentimita, rudia mara ya tatu.

Asubuhi utakuwa mrefu kuliko jioni kwa takriban sentimita moja, kwa sababu pingili za mgongo hubanana mchana kutwa. Pima asubuhi. Kwa mtu mzima kazi hii ni ya mara moja tu, labda na kurudia kila baada ya miaka kadhaa ukishavuka 50.

Kama urefu wako unaujua kwa futi, usiuandike kienyeji. Futi 5 na inchi 5 si futi 5.5. Futi 5.5 ni futi 5 na inchi 6. Zidisha futi kwa 30.48 na inchi kwa 2.54, kisha jumlisha: futi 5 na inchi 5 ni sentimita 165.

Hatua ya pili: uzito

Asubuhi, baada ya kwenda msalani, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi zilezile kila mara. Siku moja kwa wiki inatosha. Ukijipima kila siku utaona kilo zikipanda na kushuka kwa moja au mbili, na hayo ni maji, chumvi ya jana na kilichomo tumboni. Mwanamke anaweza kuona kilo moja au mbili zikiongezeka kuelekea hedhi, kisha zikatoweka zenyewe.

Joto la Dar linadanganya sana hapa. Ukikimbia saa moja kuelekea Coco Beach mwezi Januari unaweza kupoteza lita nzima ya jasho, na mizani itakusifia kilo moja. Ukinywa maji, kilo imerudi. Wanaojifunga nailoni tumboni chini ya fulana ili "kuyeyusha mafuta" wanakausha maji tu, na kwenye joto letu hiyo ni hatari.

Hatua ya tatu: hesabu

Fungua kikokotoo cha simu. Andika kilo, gawa kwa urefu wa mita, gawa tena kwa urefu uleule:

84 ÷ 1.65 ÷ 1.65 = 30.9

Jibu likiwa la ajabu, kosa huwa moja kati ya haya matatu. Umegawa mara moja tu, ukapata 50.9, ukapatwa na hofu. Umezidisha urefu kwa 2 badala ya kuuzidisha kwa wenyewe, ukapata 25.5, ukafurahi bure. Au umetumia sentimita (165) badala ya mita, ukapata sifuri nukta sifuri sifuri.

Makundi ya Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni haya:

Chini ya 18.5: uzito pungufu
18.5 hadi 24.9: uzito unaofaa
25 hadi 29.9: uzito uliozidi
30 na kuendelea: kiribatumbo

Kwa wasiopenda hesabu, hizi ni kilo zinazoangukia kwenye uzito unaofaa:

Mita 1.50: kilo 41.6 hadi 56.0
Mita 1.55: kilo 44.4 hadi 59.8
Mita 1.60: kilo 47.4 hadi 63.7
Mita 1.65: kilo 50.4 hadi 67.8
Mita 1.70: kilo 53.5 hadi 72.0
Mita 1.75: kilo 56.7 hadi 76.3
Mita 1.80: kilo 59.9 hadi 80.7

Angalia upana wake. Mtu wa mita 1.65 ana nafasi ya kilo 17 za kucheza ndani yake. Yule anayekwambia "mtu wa urefu wako lazima awe kilo 60" amejitungia.

Watu wenye asili ya Asia Kusini, na Dar tunao wengi, huanza kupata kisukari na magonjwa ya moyo wakiwa na BMI ya chini kuliko wengine. Kwao tahadhari ianze 23, na hatari kubwa ihesabiwe kuanzia 27.5.

Nani jedwali hili halimhusu

Mjamzito. Uzito wake unatakiwa uongezeke. Aliyeanza mimba na BMI ya kawaida hutarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 hadi kujifungua, na mipango yote ya kupungua isubiri. Watoto na vijana chini ya miaka 19 husomwa kwa chati za umri na jinsia. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana kadi ya kliniki na mstari wake wa ukuaji, na huo ndio wa kufuata. Mwenye miguu iliyovimba au tumbo lililojaa maji kwa ugonjwa wa moyo, figo au ini, kilo zake ni za maji, si za mafuta. Mpagazi wa Kariakoo anayebeba viroba mabegani toka alfajiri anaweza kusoma 27 na asiwe na mafuta ya kuzungumzia, kwa sababu misuli ni mizito. Mzee naye anaweza kusoma 23 nzuri kabisa huku misuli imeyeyuka na nafasi yake imechukuliwa na mafuta ya tumbo.

Hatua ya nne: futi ya kiunoni

Hiki ndicho kipimo ambacho, kama ungelazimika kuchagua kimoja tu, kingestahili nafasi ya kwanza. Mafuta yaliyozunguka utumbo na ini ndiyo yanayovuruga sukari, shinikizo la damu na mafuta ya kwenye damu. Ya mapajani na makalioni yana madhara kidogo. BMI haioni tofauti hiyo. Futi inaiona.

Usipime pale unapofungia mkanda wa suruali. Wanaume wengi wenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, kisha hujisifu bado wanavaa suruali ya saizi ileile ya ujanani. Papasa ubavu wa mwisho pembeni mwa mwili, papasa mfupa wa nyonga upande huohuo, kisha weka alama katikati yake. Zungusha futi hapo, iwe sambamba na sakafu mbele na nyuma, iguse ngozi bila kubana. Pumua nje kawaida, soma. Kuvuta tumbo ndani ni kumdanganya fundi ilhali gauni ni lako.

Kwa mwanamke, sentimita 80 ni mwanzo wa hatari na 88 ni hatari kubwa. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Huna futi? Chukua kamba ndefu kama wewe kuanzia utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati, izungushe kiunoni. Isipokutana, kiuno kimepita nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili tosha hata kama BMI inasoma 24.

Hatua ya tano: lengo

Turudi kwa mtu wetu wa kilo 84. Ili aingie kwenye "uzito unaofaa" anahitaji kupungua zaidi ya kilo 16. Akijiwekea lengo hilo atachoka mwezi wa pili. Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito, yaani kilo 4.2, afike 79.8. BMI itakuwa 29.3 tu, jirani hawataona tofauti, lakini shinikizo la damu na sukari mara nyingi huanza kushuka hapohapo. Kisha anapunguza asilimia 5 nyingine.

Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Nusu kilo kwa wiki huhitaji upungufu wa takriban kalori 500 kwa siku (kalori tunazozungumzia hapa ndizo zinazoandikwa kcal kwenye pakiti). Kilo 4.2 basi ni kazi ya miezi miwili hadi mitatu.

Wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo mbili ghafla, hasa ukipunguza wanga. Usitangaze kwenye kundi la familia. Mwili hutunza akiba ya wanga pamoja na maji, kila gramu moja na gramu kama tatu za maji, na akiba ikipungua maji hutoka nayo. Kasi hiyo haitaendelea, na wanaodhani mpango umeharibika wiki ya tatu walihesabu maji kama mafuta.

Hatua ya sita: hesabu ya dumu na kiroba

Kuhesabu kalori za kila tonge ni kazi ya kumchosha malaika. Kwenye nyumba za kwetu, ambako sufuria ni moja na walaji ni sita, hesabu rahisi iko dukani: ni nini kimenunuliwa na kimeisha kwa siku ngapi.

Anza na mafuta. Kijiko kimoja cha mezani (mililita 15) kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Familia ya watu wanne inayomaliza dumu la lita 5 kwa mwezi inatumia karibu mililita 42 kwa kila mtu kwa siku, yaani vijiko vitatu kasoro, kalori kama 340. Familia hiyohiyo ikitumia lita 3, kila mtu anapunguza kalori kama 140 kwa siku bila kubadilisha chakula. Namna ya kufika huko: andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye dumu siku linapofunguliwa, na acha kabisa kumimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Pima kwa kijiko. Kitunguu cha watu wanne hukaangika vizuri kwa vijiko viwili, na nyanya ikiiva hakuna atakayejua.

Sukari hupimwa vivyo hivyo. Kilo 5 kwa mwezi kwa watu wanne ni gramu 42 kwa mtu kwa siku, vijiko vya chai kama kumi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, takriban gramu 50, na ikiwezekana nusu ya hapo. Soda moja ya mililita 350 ina kama gramu 37 peke yake. Kwa hiyo mwenye soda moja na chai mbili za vijiko vitatu ameshavuka hata kabla ya andazi. Punguza chai nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Kupunguza kwa ghafla huishia kwenye soda ya kujipoza.

Wanga ndio mgumu zaidi, kwa sababu hapa sahani nusu tupu inaonekana ni uchoyo. Gramu 100 za mchele mbichi au unga wa mahindi zina kalori kama 360. Kilo moja ya unga kwa watu wanne ni kalori 900 kila mmoja, ugali peke yake. Ikiliwa na watu saba ni kama 515. Vivyo hivyo kilo ya mchele: kwa watano ni kalori 720, kwa wanane ni 450. Pima kwa kikombe kilekile kabla ya kupika. Ukishapika ni vigumu. Ugali uliobaki una namna yake ya kumalizika.

Dona kwa sembe? Kalori ni karibu zilezile. Dona ina nyuzinyuzi na virutubisho vinavyotupwa na kinu, inashibisha mapema, na kwa hilo inafaa. Lakini bonge la dona lenye ukubwa wa bonge la sembe halitakukondesha.

Nazi ihesabiwe na mafuta. Nyama ya nazi moja kubwa ina kalori zaidi ya 1,000 na sehemu kubwa yake huishia kwenye tui. Siku ya wali wa nazi, maharage yasiungwe tena kwa nazi wala kisamvu kisipewe tui zito. Kimoja kinatosha.

Nafasi iliyoachwa kwenye sahani ijazwe mboga za majani, na ni nusu sahani kweli, si ile kijiko cha pembeni. Mchicha na matembele hunywea sana: mafungu matatu yanayojaza sinia mbichi huwa bakuli moja yakiiva. Nunua zaidi ya unavyodhani. Robo ya sahani iwe wanga kama ngumi yako, robo nyingine maharage, choroko, dagaa, samaki au kuku. Samaki wa soko la Feri wanunuliwe wabichi, wachemshwe kwa ndimu, nyanya na pilipili au wachomwe. Wale waliokwisha kukaangwa wameshakunywa mafuta ambayo huwezi kuyahesabu.

Nje ya nyumba

Chakula cha mchana cha wengi kinatoka kwa mama lishe. Sema kabla hajapakua: "Dada, wali punguza, mboga ongeza, mchuzi weka pembeni." Ukisema baada ya kupakua unaonekana msumbufu, na utamaliza.

Chapati moja ya gramu 70 za unga iliyokunywa kijiko cha mafuta ni kalori kama 370. Mbili na supu asubuhi ni chakula kamili, wala si kifungua kinywa cha kupitia. Chipsi mayai ni viazi vilivyokaangwa kisha vikakaangwa tena na mayai. Ibaki ya mara moja kwa wiki, na kachumbari nyingi. Bia ya mililita 500 ina kalori kama 200, na huja na nyama choma na ndizi za kukaanga. Juisi ya miwa ni ya asili, ndiyo, na sukari yake ni ya asili vilevile. Embe litafune, usilisage.

Tatizo kubwa zaidi la Dar halipo kwenye sahani, lipo barabarani. Mtu anatoka kazini Posta saa 11 jioni, anafika Mbagala au Gongo la Mboto saa 2 usiku, njaa imemkaba, anakula milo miwili kwa mpigo kisha analala. Kula kitu kidogo kabla ya kupanda gari: yai la kuchemsha (kalori 70 hadi 80), ndizi mbivu, au kiganja cha karanga zisizozidi gramu 30 (kalori kama 170). Ukifika nyumbani utakula kama binadamu.

Mwezi wa Ramadhani wengi hutarajia kupungua, na wengine huongezeka, kwa sababu kaimati, tambi za sukari, viazi vya nazi na sambusa huwekwa mkekani kwa wakati mmoja. Fungua kwa tende na maji, swali, kisha rudi kwenye chakula. Dakika hizo chache husaidia tumbo kukumbuka lilipo.

Kutembea

Lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa haraka, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mtu wetu wa kilo 84 akitembea nusu saa kwa kilomita 5 kwa saa anatumia kalori kama 150, sawa na soda moja. Ndiyo maana mazoezi peke yake hupunguza uzito polepole sana, ila ndiyo yanayozuia kilo zilizotoka zisirudi. Shuka mwendokasi kituo kimoja au viwili kabla. Daraja la Tanzanite na vilima vya Mlimani ni vizuri saa 12 asubuhi. Baada ya saa 3 jua la Dar si rafiki.

Vikundi vya joging vya wikiendi ni jambo zuri sana, isipokuwa pale mbio za kilomita 5 zinapoishia kwenye supu ya makongoro na chapati tatu.

Siku mbili kwa wiki fanya kazi ya misuli: kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10 hadi 15 kwa raundi tatu, kusukuma ukuta, kuinua dumu la maji la lita 5 kila mkono. Anayepungua bila kazi ya misuli hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Mizani ikigoma

Baada ya miezi michache kilo husimama. Kwanza pima kiuno: mara nyingi kinaendelea kushuka huku mizani imelala. Pili kumbuka kwamba mwili wa kilo 78 unatumia nguvu kidogo kuliko wa kilo 84, kwa hiyo chakula kilichokupunguza mwanzoni sasa kinakutunza tu. Tatu rudi kwenye dumu la mafuta uangalie tarehe. Hapo ndipo mkosaji hukamatwa mara nyingi.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani na mitandaoni nyingi hufanya kazi kwa kuharisha au kukojoza. Unapoteza maji na madini kama potasiamu, ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Mafuta yanabaki yalipo.

Walio chini ya 18.5

Kama hivyo ndivyo ulivyo tangu ujana na una nguvu zako, ongeza kalori 300 hadi 500 kwa siku: uji wenye karanga zilizosagwa na maziwa, yai, parachichi, kijiko cha mafuta juu ya maharage, na mlo wa katikati mara mbili. Ongeza na kazi ya misuli ili zisiishie kitambini.

Kupungua bila kutaka ni suala jingine kabisa. Mtaani mtu akikonda huulizwa "vipi, unaumwa?" kwa sauti inayoficha jambo, naye huona aibu kwenda kupima. Nenda. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 bila sababu unayoijua, pimwa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku ni dalili za kifua kikuu, nacho kinatibika. Kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kisukari.

Wakati wa kwenda zahanati

Ukiwa na BMI ya 30 au zaidi, au kiuno kimepita mpaka, omba vipimo viwili: shinikizo la damu na sukari kabla ya kula. Shinikizo la 140/90 au zaidi katika siku tofauti, au sukari ya 7.0 mmol/L na kuendelea asubuhi bila kula, huhitaji daktari. Mwambie dawa zote unazotumia. Insulini na glibenklamidi (dawa za kisukari), steroidi, baadhi ya dawa za afya ya akili, baadhi ya ARV na, kwa baadhi ya wanawake, sindano ya uzazi wa mpango huweza kuongeza uzito. Usiziache mwenyewe, mara nyingi kuna mbadala. Na kama unatumia insulini au glibenklamidi, zungumza na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu kipimo cha dawa kilichofaa sahani ya zamani kinaweza kuiangusha sukari ukiwa peke yako njiani.